Mama wa steshenari Uyole, chukua ile inchi 24 uache ile ya inchi 27

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili tatu nikaona nikijibu kwa mstari mmoja ntakuwa nimekuonea, kwa hiyo vumilia, ni refu kidogo.

Kwa faida ya wengine: mama ana steshenari hapa Uyole, Mbeya, chumba cha mbele cha nyumba anayoishi. Anatumia laptopu ya kioo kidogo na macho yameanza kumuuma. Anataka monita moja tu ifanye yote, mchana kazi za dukani yani barua, Excel ya hesabu za kikoba na kadi za harusi, jioni kijana wake achomeke mashine yake ya gemu ya PS4, usiku familia iangalie tamthilia na mpira kwenye dekoda. Huko mjini kaonyeshwa mbili zinazokaribiana bei. Ya kwanza ni inchi 27 iliyopinda, paneli ya VA, 165Hz. Ya pili inchi 24 iliyonyooka, paneli ya IPS, 100Hz. VA na IPS ni aina mbili za kioo cha ndani, hizo na Hz nitazieleza huko chini. Zote rezolusheni yake, yani idadi ya vidoti vya picha, ni 1920 kwa 1080. Kijana anataka ile kubwa, halafu shemeji mtu naye anasema msihangaike, nunueni TV ya inchi 32 yaishe.

Mimi nasema inchi 24. Sasa nieleze kwa nini, manake najua kijana atabisha.

Hesabu masaa kwanza. Steshenari unafungua asubuhi unafunga jioni, hata ukitoa muda wa fotokopi na wa kupiga stori na wateja, kioo unakiangalia masaa sita saba kwa siku. Kijana siku za shule ana masaa mawili. Tamthilia saa moja na nusu. Kwa hiyo kazi kubwa ya hii monita ni kuonyesha herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, tena herufi ndogo, na aliyechoka macho ni wewe sio yeye. Mi huwa nawaambia watu wote wanaokuja na swali kama lako, monita ichague kwa ile kazi inayokula masaa mengi, halafu angalia kitu unachoenda kukichomeka kinaweza kutoa nini. Maandishi ya kwenye boksi yaache mwisho kabisa.

Sasa tuje kwenye inchi. Kioo chochote kimejengwa na vidoti vidogo vidogo vinaitwa pikseli. Hizo monita mbili zina pikseli idadi ileile, 1920 kwa upana na 1080 kwenda chini, ukizidisha unapata milioni 2 na kidogo. Ukivichukua vidoti vilevile ukavitandaza kwenye inchi 27 maana yake kila kidoti kinanenepa. Kwenye inchi 24 unapata kama pikseli 92 kwa kila inchi, kwenye 27 zinashuka mpaka 82 hivi. Ukikaa mbali kwenye kochi kama kijana anavyocheza hutaona tofauti, lakini ukikaa urefu wa mkono kama unavyokaa kwenye meza ya kazi, zile tarakimu za Excel za saizi 9 zinaanza kuota meno pembeni. Na wengi wanadhani inchi zikiongezeka na nafasi ya kazi inaongezeka, hapana, mistari ya Excel inayoingia kwenye kioo ni ileile, imekuzwa tu kama fotokopi uliyoivuta.

Mtu atauliza, si bora herufi ziwe kubwa kwa mama ambaye macho yanamuuma? Ni hoja ya kweli kabisa. Ila ukubwa wa herufi unauongeza kwenye setingi za Windows, unaweka 125% basi, ukali wa herufi ndo hauongezwi popote, ulionunua nao ndo huohuo. Na mama, kama hujapima macho siku nyingi nenda kapime kabla ya kununua chochote, kuna watu nimewauzia monita nzuri kumbe walichokuwa wanahitaji ni miwani.

165Hz sasa, hapa ndo kijana anapong'ang'ania. Hz ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha ndani ya sekunde moja. Kwenye 60Hz picha moja inakaa milisekunde 16.7, kwenye 165 inakaa kama 6 tu, na hiyo tofauti ipo, mi mwenyewe naiona nikishika mausi. Lakini PS4 kwenye monita mwisho wake ni picha 60 kwa sekunde, na gemu zake nyingi hata hiyo 60 hazifiki zinakaa 30. Ukiichomeka kwenye monita ya 165 itacheza 60 yake ileile, hakuna kitu cha ziada kitakachotoka. Hiyo 165 ni ya mtu mwenye kompyuta ya gemu yenye kadi ya grafiksi ya maana. Siku mkihamia PS5 habari ni nyingine, ile inatoa mpaka 120 kwa gemu zinazokubali, na hapo nikiri 100Hz ya hii inchi 24 haitamsaidia, manake PS5 inatoa 60 au 120, itarudi 60. Kama mna mpango huo mwaka huu niambie tupige hesabu upya. Kama PS5 bado ni ndoto ya mbali basi usimlipie kitu ambacho mashine yake haiwezi kukitumia.

Wewe lakini hiyo 100 utaifaidi kwenye laptopu, ukishusha kurasa ndefu herufi hazivutiki sana, na mpira. Matangazo ya TV ya kwetu yanakwenda kwa mwendo wa 50, sasa 100 ni 50 mara mbili, ukiangalia mechi ya picha 50 kwa sekunde kupitia laptopu kila picha inaonyeshwa mara mbili sawasawa, mpira unateleza vizuri. Kwenye 60Hz 50 haigawanyiki, ndo ile unaona kamera ikimfuata winga picha inashtukashtuka na unalaumu bando.

Paneli ndo kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote. VA ina sifa yake na siwezi kuificha, nyeusi yake ni nyeusi haswa, kontrasti yake, yani tofauti ya nyeupe na nyeusi, kwa kawaida ni kama mara tatu ya IPS. Usiku taa zimezimwa, tamthilia ina mandhari ya giza, VA inapendeza na IPS inaonekana kama ina ukungu wa kijivu. Ukiniambia kazi yake ni muvi tupu nakupa VA bila kufikiri. Tatizo la VA ni ukiiangalia kwa pembeni au kwa juu rangi zinapauka. Na steshenari, mama, wewe unajua kuliko mimi, mteja hakai, anasimama nyuma ya bega lako.

Nimeliona hili kwa macho yangu kwa mteja wangu mmoja maeneo ya Mafiat. Kadi ya harusi, rangi maruni. Mwenye duka kakaa kwenye kiti mbele ya VA, bibi harusi mtarajiwa kasimama nyuma yake. Dada anasema mbona imepauka, iongeze ikolee. Jamaa anaongeza. Dada anasema bado. Jamaa anaongeza tena huku anashangaa, kwake inaonekana imeshaiva. Akasimama amwonyeshe kwa kidole, akaona kweli imepauka, akaongeza tena. Printa ilipotoa kadi ya kwanza ile maruni ilikuwa kama rangi ya damu iliyoganda, karibu nyeusi, na majina ya dhahabu yamezama humohumo. Hakuna aliyedanganya pale, kila mmoja alikuwa anaona rangi ya sehemu aliyosimama. Kwenye IPS ungesimama hata mlangoni ungeona rangi ileile anayoiona aliyekaa. Bado karatasi haiwezi kufanana na kioo moja kwa moja, kioo kinatoa mwanga karatasi inarudisha tu, lakini angalau wewe na mteja mnabishana juu ya rangi moja.

Na hiyo kupinda nayo ni hivohivo, inamfaa mtu mmoja aliyekaa katikati. Ukipanga mistari na boda za cheti kwenye kioo kilichopinda huku mteja yuko pembeni, atakuambia mstari umepinda.

Kitu kingine sisi wa nyanda za juu hatuambiwi, ni baridi. Ndani ya hivi vioo kuna kimiminika kinachojigeuza kuruhusu mwanga, na kikipoa kinajigeuza polepole. VA tayari ni nzito kubadilika kwenye rangi za giza, kitu cheusi kikitembea kinaacha mkia, sasa asubuhi ya mwezi wa saba Uyole unajua kunavyokuwa, ukiwasha VA chumba kimelala wazi dakika za kwanza ule mkia ni mrefu kweli, mpaka ipate joto. IPS nayo inapungua kasi lakini sio kwa kiasi cha kukera.

TV ya shemeji. Simpingi moja kwa moja, TV ina spika zake, ina rimoti, kama swali lingekuwa ni sebuleni tu ningesema nunueni. Ila geuza boksi usome rezolusheni, TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 ni 1366 kwa 768, yani pikseli milioni 1 na kidogo, nusu ya hizo monita, zimetandazwa kwenye kioo kikubwa zaidi. Dekoda ukiwa umekaa mita mbili safi kabisa. Excel ukiwa umekaa nusu mita ni mateso, na nyingine zinakata pembe za picha mpaka ile baa ya chini ya Windows inapotelea nje ya kioo. Hapana.

Kabla hujalipa geuza monita uangalie nyuma, kuna mambo mawili watu wanayagundua nyumbani. Moja ni matundu. Una vitu vitatu vya kuchomeka, laptopu, PS4 na dekoda, na vyote vinatumia HDMI, ule waya mmoja unaobeba picha na sauti. Monita nyingi za bei hii zina HDMI moja na VGA moja, lile tundu la zamani la picha tupu, chache zina HDMI mbili. Ukipata ya mbili ichukue hata kama imezidi bei kidogo, ikikosekana nunua swichi ya HDMI, kile kiboksi kidogo unachomeka waya tatu unabonyeza kuchagua, sio kitu cha gharama. Kuchomoa na kuchomeka kila siku kunaua tundu, nimetengeneza mengi mno. Na kama dekoda yenu ni ile ya zamani yenye zile waya tatu za rangi tu, njano, nyekundu na nyeupe, haitaingia kwenye monita.

La pili sauti. Monita nyingi hazina spika, au zina spika ambazo ukiwasha feni huzisikii. Tafuta katundu ka iyafoni kwa nyuma, sauti ya dekoda na PS4 itaingia na waya wa HDMI itokee hapo, unachukua waya wa iyafoni upande mmoja na mbili upande wa pili unapeleka kwenye sabufa. Monita isiyo na spika wala katundu hako iache, usiku wa kwanza wa tamthilia ndo utanikumbuka.

Kuna walioniuliza je inchi 27 yenye 2560 kwa 1440? Hiyo ndo inchi 27 ya kweli, pikseli 109 kwa inchi, herufi zinakatika safi na nafasi ya kazi inaongezeka kikwelikweli, unafungua Excel na barua ubavu kwa ubavu. Mama akipata hela ya kuongeza, na iwe IPS, ntampongeza. Ila PS4 haitoi 1440, itatoa 1080 na monita itaivuta, picha inakuwa laini kidogo. PS5 ilipewa uwezo huo kwenye apdeti ya Septemba 2022. Na 4K, yani yenye pikseli mara nne ya hizi za 1080, kwa laptopu ya miaka mingi usiiguse, HDMI za zamani zikipewa 4K zinatoa picha 30 kwa sekunde, hata mausi unaisukuma unaona inakufuata nyuma.

Za mtumba. Sizichukii, kuna monita za maofisini za Ulaya za IPS zinadunda miaka, na zile za Uingereza plagi yake ya pini tatu bapa ndo hiyohiyo ya kwetu. Angalia mgongoni kibandiko cha umeme kisome 100 mpaka 240V, ikisema 100 au 120 peke yake usichomeke. Zile nzito za zamani zinazotumia taa za mirija badala ya LED, baridi ya huku inazionea, asubuhi zinawaka hafifu zina unjano mpaka dakika kadhaa zipite, kwa kazi ya rangi hazifai.

Siku ya kwenda dukani beba laptopu yako na waya wako, kijana abebe PS4 kama anaweza. Wasikuonyeshe ile video ya maua na samaki, hiyo hata monita mbovu inaipendezesha. Fungua Excel yako mwenyewe ya kikoba, kaa kwenye kiti, soma. Halafu simama, sogea kulia, sogea kushoto, chuchumaa, uone kama rangi inabadilika. Fungua karatasi nyeupe tupu ijaze kioo chote, tafuta kidoti cheusi kilichokufa, halafu weka nyeusi tupu utafute kidoti kinachowaka kisichozimika. Pitisha kamera ya simu mbele ya kioo huku umepunguza mwanga, ukiona mistari minene inatembea jua taa yake inapepesa, na kwa macho yanayouma hiyo ni sababu tosha ya kuiacha. Dakika kumi na tano tu. Duka likikukatalia kuwasha, ondoka. Na risiti ya EFD iandikwe namba ya monita, waranti bila namba ni maneno.

Ukishawishika na bei ya Kariakoo, sawa, lakini kumbuka boksi linatembea zaidi ya kilomita 800 mpaka hapa na mteremko wa Kitonga wenye kona kali uko katikati. Mi niliwahi kuagiza ya inchi 27, ikapandishwa buti ya basi ikalazwa chali, juu yake wakapakia mizigo. Nilivyoipokea boksi halina hata mkwaruzo, nikaiwasha nyumbani, kona ya chini kuna doa jeusi kama wino umemwagika na nyufa zimetoka hapo kama mizizi. Hakuna aliyenilipa. Tangu siku hiyo mzigo wangu nauandikia kwa makapeni pande zote kioo, simamisha, na naongea na kondakta mwenyewe. Ikifika usiiwashe palepale, iache ndani ya boksi masaa mawili matatu izoee hewa ya huku.

Ikiwa mezani: Windows inaweza kuiacha kwenye 60Hz bila kukuambia, ingia setingi za disple, sehemu iliyoandikwa Advanced display, chagua 100. Nimekutana na watu wametumia mwaka mzima bila kujua. Ikae pembeni ya dirisha, isitazame dirisha na isilipe mgongo. Ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako, stendi za bei hii hazipandi, lakini wewe una rimu za A4, weka moja au mbili chini yake. Mwanga nao, zinatoka kiwandani zimewashwa kama za kuonyeshea dukani. Chukua karatasi nyeupe ya A4 iweke ubavuni mwa kioo, fungua Word tupu, punguza mwanga mpaka weupe wa kioo ukaribiane na weupe wa karatasi. Hapo ndo kichwa kitaacha kuuma jioni. Usiku wa tamthilia punguza tena.

Umeme usikutishe, monita ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 20 hivi, masaa 10 kwa siku uniti moja ya Luku inakwenda siku tano. Kinachoua monita huku ni ule umeme unaokatika ukarudi kwa nguvu. Ukikatika chomoa, subiri urudi utulie dakika chache ndo urudishe, au pitisha kwenye UPS ya dukani, kile kiboksi chenye betri, kama ipo.

Kijana mwambie hivi, inchi 24 kwenye meza ya kusomea na PS4 akiwa amekaa karibu anamwona adui wa kwenye kona bila kugeuza shingo, na PS4 inatoa 1080 na monita ni 1080, kidoti kwa kidoti. Hajapoteza kitu. Ukiwa dukani ukikwama piga picha ya mgongo wa monita, matundu na kile kibandiko vyote vionekane, unitumie kabla hujatoa hela, Jumamosi nipo tangu asubuhi.